Mayai Mia Moja na Kumi na Nne

Mama yangu ana miaka sabini na sita, magoti mawili yasiyosikilizana, kuku mia mbili wa kienyeji, na tangu Krismasi ana neno moja tu: Aprili anakwenda pwani kuona kobe. Si ombi, maana Mama hajui kuomba. Ametangaza kanisani, ametangaza kwenye chama cha akina mama, na sisi wanawe ametutumia ujumbe wa sauti wa dakika saba kwenye WhatsApp, dakika nne za kwanza zikiwa ni jogoo anawika na yeye mwenyewe akiuliza kama simu inarekodi. Kaka yangu Mburu, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na ambaye kwake kila wazo la Mama ni zuri mradi si yeye atakayelitekeleza, alijibu kwa picha ya mikono inayopiga makofi. Binti yake ndiye aliyeanzisha balaa lote. Alimwonyesha nyanya yake video inayoeleza kwamba kasa akishaanguliwa mchangani na kuingia baharini hutangatanga huko miaka ishirini na tano, hata thelathini, kisha jike hurudi kutaga ufuoni palepale alipozaliwa. Mama akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, akasema miaka thelathini na moja imepita tangu sisi twende kule tukaona kobe akitaga, na kwamba safari iandaliwe. Kisha akanunua kofia.

Kuandaa, bila shaka, ni kazi ya Nyokabi. Nyokabi ndiye mimi. Ninaishi Lanet, nina gari, nina mume mvumilivu, kwa hiyo katika hesabu za familia yetu sina udhuru. Kwa miezi mitatu nimeulizwa kama pwani kuna daktari wa magoti, kama hoteli itakubali mtu aje na unga wake wa ugali, na kama kobe anaweza kumtambua mtu. Nimejibu yote kwa sauti ambayo mume wangu anaiita sauti ya karani wa kaunti saa kumi na nusu jioni. Wote wanadhani nimechoshwa na shughuli. Hawajui kinachonichosha. Kinachonichosha ni kwamba najua hakuna kasa hata mmoja atakayerudi kwa ajili ya Mama, kwa sababu yale mayai hayakuanguliwa. Yaliozea mchangani, yote, na aliyeyaozesha ni mimi, nikiwa darasa la saba, na baada ya hapo nikamwambia Mama uongo ambao ameutembeza Kiamunyi nzima, kwetu pembeni mwa Nakuru, kwa miaka thelathini na moja kama mtu anayetembeza picha ya mjukuu. Sasa ama nimpeleke mwanamke wa miaka sabini na sita akakae mchangani kungoja wageni ambao hawakuzaliwa, ama nimwambie.

Mwaka ule nililala chumba kimoja na inkubeta. Nasema nililala chumba kimoja nayo, lakini ukweli ni kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa na chumba, mimi nilikaribishwa. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, taa ya mafuta ya taa chini yake, na bakuli la maji la kutunza unyevu, nalo lilikaa ukutani mbali na dirisha kwa sababu baridi ya Kiamunyi ya asubuhi haina adabu. Kitanda changu kilipewa upande wa dirisha. Nguo zangu zilinuka mafuta ya taa hata shuleni. Kazi yangu ilikuwa kugeuza mayai mara tatu kwa siku: kabla ya uji, baada ya shule, na kabla ya kulala. Kila yai liliwekwa alama ya penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili ujue lipi umeligeuza na lipi bado. Penseli yenyewe ilikuwa ya fundi seremala, nyekundu na nene, na Mama aliifunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa inkubeta kwa sababu, alivyosema, katika nyumba hii hata ukuta ukiachwa bila kufungwa utaazimwa. Kugeuza mayai kwake lilikuwa jambo la imani. "Yai ikikaa upande moja, kifaranga inashika kwa ganda inakufa," alinifundisha, akiwa amenishika kiwiko. "Kuku mwenyewe usiku anageuza. Hajasoma, na anajua." Mtu akimfundisha jambo alilolijua tayari, Mama alimsikiliza kwa heshima yote kisha akamcheka akishaondoka. Kuna mchuuzi mmoja wa mashine aliyekuja na inkubeta ya stima, akaapa kwamba ukiweka mayai thelathini unatoa vifaranga thelathini. Mama alimpa chai, akamsindikiza mpaka langoni, akarudi akisema, "Ati yote! Huyo hajawahi kulala na mayai."

Safari ya pwani ilitokana na Baba. Alikuwa na rafiki kazini, mzee wa mtaa wa Bondeni mjini Nakuru ambaye watu wake ni wa pwani, na rafiki huyo alikuwa na dada aitwaye Bi Riziki mwenye nyumba karibu na ufuo, kijiji kimoja kabla hujafika Malindi. Tulialikwa wiki mbili za likizo ya Aprili. Baba alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Mama alitafuta sababu za kukataa kwa mwezi mzima, na alipozikosa akaanza kutafuta namna ya kubeba inkubeta. Walibishana mezani, juu ya sahani za githeri, Baba akisema hakuna mtu duniani anayekwenda likizo na vifaranga, Mama akisema ndiyo maana watu duniani hawana vifaranga. Mwishowe alipanga mayai yaanguliwe siku tano kabla ya kuondoka, akamwachia jirani vifaranga na maagizo ya kurasa tatu. Mimi nilifurahi kuliko wote. Wiki mbili bila kugeuza yai! Usiku wa kuamkia safari niliikata ile penseli kwenye kamba yake nikaitia mfukoni mwa sweta, ili nikachoree meli. Sikuiona meli hata moja.

Nyumba ya Bi Riziki ilikuwa na kuta nene nyeupe, paa la makuti, na haikuwa na dari, kwa hiyo kila lililosemwa chumba kimoja lilipanda juu likashukia vyumba vyote. Ndivyo nilivyojua kwamba wazazi wangu huongea gizani, jambo ambalo halikuwahi kunipitia akilini. Mama alilalamika kila usiku, kwa mpangilio. Wali una nazi. Maharagwe yana nazi. Samaki ana nazi, na macho. Mikate ya asubuhi ina iliki, nani aliweka iliki kwa mkate? Joto halizimiki. Watu wanalala saa nane mchana kama wagonjwa. Baba alijibu "mm," na "mm," na mara moja, "Lakini leo umekula sahani mbili." Mchana Mama na Bi Riziki walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Bi Riziki alikuwa mwembamba, mcheshi, na hakuwa na haraka na kitu chochote, jambo ambalo lilimtia Mama wazimu. Walichambua mchele pamoja barazani na kila mmoja akamhurumia mwenzake kwa mahali alipozaliwa.

Yeye ndiye aliyetuambia habari za kasa. Kijijini kulikuwa na kikundi cha watu waliolinda viota, naye ndiye aliyeshika zamu ya kipande chetu cha ufuo. "Msimu ni huu," alisema. "Mkibahatika mtamwona akipanda."

"Nani?" Mama akauliza.

"Kasa."

"Ah, kobe."

"Kobe ni wa kwenu bara, Mama Mburu. Huyu ni kasa. Kasa wa baharini."

"Akitoka kwa maji akitembea, ni kobe," Mama akasema, na likaisha hapo, na mpaka leo ni kobe.

Usiku wa tatu Bi Riziki alitugongea mlango. Tulimfuata bila taa, kwa sababu mwanga humfukuza, Mburu akijikwaa na kulaumu kila mtu. Kwanza niliona alama tu, pana, zikitoka majini kama mtu aliyekokota gunia la mahindi mchangani. Kisha nikaona kwamba jiwe lililokuwa mbele yetu linapumua. Tulikaa nyuma yake, mbali na kichwa chake, tukangoja. Alichimba kwa mapezi ya nyuma, moja likichota, lingine likichota, polepole, kwa uangalifu ambao hata mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyechoshwa na mambo yote yahusuyo mayai, niliuheshimu. Alipoanza kutaga Bi Riziki alituruhusu kusogea. Mayai yalianguka mawili mawili, meupe, ya mviringo kabisa, yaking'aa kwa ute. Machozi yalimtiririka yule kasa. Bi Riziki alinong'ona kwamba ni chumvi tu, kasa wote hutoa chumvi machoni. Mama hakumsikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, magoti yakiwa mazima bado, na alikuwa akimwambia yule mnyama kwa Kikuyu maneno anayomwambia mtetea anayetaga mara ya kwanza: polepole, msichana wangu, hakuna anayekuharakisha. Sijawahi kumsikia akitumia sauti hiyo kwa mtu. Nilimwonea wivu yule kasa, nakiri.

Kasa alifukia, akajivuta kurudi majini, akatuacha. Hapo Bi Riziki akasema kiota kimechimbwa chini mno, maji makuu ya mwezi mpevu yatakifikia, na lazima mayai yahamishwe usiku uleule. Aliyatoa moja moja kwa mkono, akihesabu kwa sauti, akayalaza ndani ya ndoo yenye mchanga. Mia moja na kumi na nne. Aliyabeba kama anayebeba uji uliojaa pomoni, akayazika upya kwenye shimo la kina cha mkono wake, nyuma ya nyumba, juu ya mchanga mkavu, akazungushia kizuizi cha fito. Kisha akatugeukia. "Sasa hapaguswi. Mwezi wa kwanza, wa pili, hapaguswi. Yai la kasa likishakaa, lilivyokaa ndivyo likae. Ukiligeuza, kilicho ndani kinakufa."

Mama alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akaufunga, kwa sababu alikuwa mgeni.

"Kasa si kuku, Mama Mburu," Bi Riziki akasema, akicheka.

Lakini nyumba haikuwa na dari. Nikiwa kitandani, mchanga ukiwa bado kati ya vidole vya miguu, nilimsikia Mama chumba cha pili. "Itaoza hiyo yote," alimwambia Baba. "Mwezi mbili bila kugeuza? Yai ni yai. Huyu mama ni mzuri, lakini hiyo kazi hajui."

"Si yako. Nyamaza."

"Nimenyamaza. Siwezi kuja kwa mtu nianze kumfundisha. Lakini nasikia huruma. Vile huyo kobe amechimba, maskini."

Baba akasema "mm." Mimi sikulala. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa mtoto mwenye moyo mkubwa, lakini ninavyojikumbuka nilikuwa mtoto mwenye kiburi. Hapa palikuwa na jambo ambalo Mama alishindwa kulifanya kwa sababu ya adabu, na mimi, ambaye kila siku niliambiwa nimegeuza vibaya, nimechelewa, nimesahau maji, ningeweza kulifanya bila yeye kuinua kidole. Akilini nilimwona akifurahi. Nilimsikia akitumia ile sauti.

Kesho yake saa nane mchana, wagonjwa wote walipolala, niliruka fito. Nilichimbua mayai yote mia moja na kumi na nne, nikayapanga kivulini kwenye kanga ya Bi Riziki iliyokuwa imeanikwa, nikayafuta, na kwa penseli ya inkubeta nikaweka kila moja msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Ganda lake si kama la kuku, linabonyea kidogo, na penseli iliteleza, lakini niliandika. Kisha nikayarudisha, ya juu yakawa chini na ya chini yakawa juu, kama tunavyofanya na trei. Siku kumi na moja nilizobakisha pale niliyageuza kila mchana bila kukosa. Misalaba juu leo, maduara juu kesho. Nilifukia vizuri, nikachana mchanga kwa tawi, nikarudi ndani na kucha zimejaa mchanga, na hakuna aliyeuliza. Nikifikiria leo naweza kulia kwa hasira. Nyumbani nilihitaji kupigiwa kelele ndipo nigeuze mayai. Kule, nilikokatazwa, nilikuwa mfanyakazi bora Afrika Mashariki.

Tulirudi Nakuru tukiwa weusi na wenye furaha. Mama alikuta vifaranga wanane wamekufa, akamsamehe jirani hadharani, na faraghani hakumsamehe kamwe. Siku ya kwanza ya kujaza inkubeta aliinama, akaona kamba imekatwa. "Penseli yangu iko wapi?" Nilisema sijui. Mburu alisema hajui. Mama alitutazama wote wawili, akaenda kwenye kikapu cha nguo chafu kuendelea na kazi yake, na siku ya pili penseli ilikuwa imefungwa tena pale pale kwa kamba mpya. Nilidhani Baba amenunua nyingine.

Barua ya Bi Riziki ilikuja mwezi wa saba. Nilikuwa nikipita posta kila Ijumaa nikitoka shule kuchukua barua za Baba, na ile iliandikwa "Kwa watoto wangu wa Nakuru," kwa hiyo niliona ni halali kuifungua. Niliisomea nje, kwenye ngazi, watu wakinipita. Baada ya salamu, ambazo zilichukua ukurasa mzima kwa sababu Bi Riziki hakuwa na haraka, aliandika kwamba siku zilipita, hakuna kilichotoka, wakafukua. Mayai yote yalikuwa yameoza. Akaandika kwamba juu ya maganda waliona alama, msalaba huku na duara huku, na kwamba hawakuelewa zilifikaje. Hakumlaumu mtu. Mwishoni aliandika kwa ukarimu ule wake usiovumilika kwamba wakati wowote tukitaka kuja, mlango uko wazi.

Niliichana vipande vidogo nikavitia kwenye mtaro. Nilitembea mpaka nyumbani ili nichelewe. Mama alikuwa jikoni, amesimama juu ya sufuria ya ugali, Mburu akifanya hesabu zake mezani. "Kuna barua?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Ilikuwa ya Bi Riziki. Imelowa mvua, imeharibika." Siku hiyo mvua haikunyesha Nakuru. "Anasema mayai yameanguliwa."

Mwiko ukasimama. "Ngapi?"

Nilitaka kumpa kitu kikubwa. Ndiyo sababu pekee niliyonayo. "Yote," nikasema. "Yote mia moja na kumi na nne."

"Yote?"

"Yote."

Mama aligeuka akanitazama, ugali ukianza kunukia moto. Kisha akasema, "Haya. Mungu ni mwema," na akamwambia Mburu alete chumvi, ingawa ugali hautiwi chumvi kwetu.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa shukrani. Akasema Mungu wa kuku ndiye Mungu wa kobe, na mchungaji akaipenda sana kauli hiyo, akaihubiri wiki mbili. Watu wakaanza kumwita Mama Kobe. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Mwaka ule ulipoisha nilikuwa nimekonda, na nilikuwa siwezi kula yai la aina yoyote. Jioni moja nilimwambia Mama sitaki tena kazi ya kugeuza. Nilijiandaa kwa vita. Hakuuliza hata kwa nini. Alisema tu, "Mburu ataanza kesho," na Mburu akalia kama mtu aliyefiwa. Nilihamishiwa chumba cha nyuma, bila inkubeta, na kwa mara ya kwanza nguo zangu zilinuka sabuni.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, kisha Jumamosi iliyopita nikaenda Kiamunyi nimeshakata shauri. Kiamunyi yenyewe haijui tena kama ni shamba au mji. Pale palipokuwa na mahindi ya jirani kuna fleti za ghorofa nne, na wapangaji wa ghorofa ya juu wanatazama moja kwa moja ndani ya banda la Mama, na yeye huwapungia mkono. Nilimkuta stoo, kofia ya safari kichwani, akichagua mayai ya kuchemsha kwa njiani. Trei mbili.

"Mama, keti kidogo."

"Nikiketi nani atachagua? Hiyo gari umeangalia maji?"

"Mama, tafadhali."

"Nakusikia. Masikio hayajaketi."

Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, kama mtu aliyekuja kudai. "Hao kobe hawatarudi. Hawakuanguliwa. Hata mmoja. Barua ilisema yote yameoza. Mimi nilikuwa nayageuza kila siku wakati mmelala, na nilikudanganya."

Mama aliinua yai, akalifuta kwa kitambaa, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaliweka kwenye trei. "Hiyo najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nyokabi." Sasa aliketi, juu ya gunia la chakula cha kuku, akilinyoosha goti moja kwa mikono yote miwili. "Mimi naangua mayai miaka hamsini. Siku trei ya thelathini ilitoa ishirini na saba nilipeleka sadaka. Halafu mtoto wa darasa la saba anaingia kwa jikoni yangu ananiambia yote. Mia moja na kumi na nne, yote! Ungesema sabini, ningekuamini mpaka leo."

Miaka thelathini na moja, na kilichonisaliti ni hesabu.

"Na penseli nilikuta kwa sweta yako," akaendelea, "nikifua. Mfuko umejaa mchanga."

"Basi kwa nini hukusema?" Nilipiga kelele, sitaki kusema uongo tena, nilipiga kelele mpaka kuku wakanyamaza. "Ulisimama kanisani! Uliitwa Mama Kobe ukaitika!"

"Wewe ndio ulileta hiyo uongo. Kifaranga ya jirani ikiingia kwako unailisha mpaka mwenyewe aje. Nilingoja mwenyewe. Hakuja." Alichezea ukingo wa kofia. "Na ningesema nini? Ni nani alikufundisha kugeuza? Ni nani alikuwa anaongea usiku na hiyo nyumba haina dari, na anajua hujalala? Nilijua hujalala, Nyokabi. Nilikuwa nasikia ukigeuka. Halafu ukaanza kukonda, nikaogopa nikikugusa utavunjika. Nikasema wacha akae vile amekaa."

Wapangaji wa ghorofa ya nne walikuwa wametoka kwenye veranda kuona kelele ni za nini. Mama akawapungia mkono. Mimi nilikaa kwenye gunia kando yake, nikalia kwa namna ya aibu, kama mtoto, na yeye hakunikumbatia, hatuna tabia hiyo. Alinipa kile kitambaa cha kufutia mayai.

"Sasa safari ni ya nini?" nikauliza nilipoweza. "Miezi mitatu umenitesa. Unakwenda kuona nini, kama unajua hakuna?"

"Nani alisema naenda kuona watoto? Hiyo ni maneno yenu." Alisimama kwa kunishika bega, goti likalia. "Naenda kuona mama yao. Yule mtoto kwa simu amesema wanaishi kuliko sisi. Kama bado anatembea, atakuja palepale. Tulimharibia kazi, mimi na wewe. Nataka kukaa karibu yake atage vizuri, nimwambie pole."

Akarudi kwenye mayai yake. Nikabeba trei ya kwanza kuipeleka jikoni, nikiwa nimefika mlangoni ndipo akaniita.

"Na safari hii," akasema, "mikono utaweka kwa mfuko."